Ng'ombe amevunjika paja: je, achomwe dawa ya maumivu au ilindwe nyama?

Afisa mifugo, Muheza
Ndugu wanataaluma na wafugaji, naomba mawazo yenu. Mama mmoja anayeishi kwa kuuza maziwa aliniita baada ya ng'ombe wake chotara, mwenye mimba ya miezi saba, kutumbukia mtaroni na kuvunjika mfupa wa paja. Nilimweleza kwamba kwa ng'ombe mwenye uzito ule mfupa huo ni nadra sana kuunga, na kwamba ndama wa umri ule hawezi kuishi nje ya tumbo. Akaniomba nisubiri hadi kesho, kwa kuwa ng'ombe alinunuliwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, naye hakuthubutu kutoa ruhusa peke yake. Kinachonisumbua ni usiku huu wa kusubiri. Nikimchoma dawa ya maumivu, nyama haifai kuliwa mpaka dawa itoke mwilini. Nisipomchoma, anakesha akiteseka ili nyama ibaki na thamani. Je, ni haki kumnyima mnyama nafuu kwa ajili ya bei?

Daktari wa mifugo, Morogoro
Ndugu yangu, kuilinda nyama si kosa. Kosa ni kuurefusha usiku. Mnyama anayechinjwa mapema, palepale alipoanguka, na nyama yake ikakaguliwa, hahitaji sindano. Lakini ng'ombe aliyelala upande mmoja kwa saa nyingi huumia misuli kwa uzito wake mwenyewe, hivyo kungoja kesho ni kumwongezea jeraha. Mwana apigiwe simu. Jibu lisipopatikana kabla ya magharibi, mchome dawa na hasara ya nyama ikubaliwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza mateso yasiyo ya lazima, nami siamini kwamba kuchelewa kwa ruhusa ya familia kunayafanya yawe ya lazima.

Mfugaji, Pangani
Daktari amesema kweli, ila kuna jambo ambalo wataalamu hawapendi kuligusa. Sisi wafugaji tunalipia sindano, hatulipii ushauri, na ndiyo sababu wapo wanaochoma antibiotiki kwanza ili safari isiwe bure, kisha mwenye mali anachinja usiku na majirani wanauziwa nyama yenye dawa. Huyo mama aelezwe kwa shilingi, tena waziwazi: akichinjwa leo atapata cha kuanzia, akifa usiku ni kibudu na hakuna atakayekigusa. Na asiharakishwe kama anayeuza gunia la mahindi, kwa maana ng'ombe unayemkamua kila alfajiri anaijua sauti yako, na kumtoa kunauma hata pale unapojua kwamba ndiyo huruma.

Afisa mifugo, Muheza
Nawashukuru. Hoja ya malipo imenigusa zaidi, kwa kuwa mimi pia risiti yangu ina nafasi ya dawa tu. Nitapendekeza ofisini ada ya kumchunguza mnyama na kutoa ushauri itengwe, ilipwe hata pale ambapo jibu sahihi ni kutochoma chochote.