Mrejesho: RAID 5 imekubali diski ya nne

Wakuu, niliuliza kwa nini nimeongeza diski kwenye RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na moja ikifa data inabaki) ya diski tatu za terabaiti 4, ila ukubwa umebaki uleule. Aliyeniambia nitazame /proc/mdstat (faili la Linux linaloonyesha hali ya RAID) alilenga palepale: diski mpya ilikuwa na alama ya (S), yaani spea. Kwenye RAID isiyo na diski iliyokufa, mdadm --add (mdadm ni programu ya kusimamia RAID) huiweka diski benchi tu, ikisubiri nyingine ife. Amri iliyoingiza diski kazini ni hii:

mdadm --grow /dev/md0 --raid-devices=4

Nilianza na bekapu kwenye diski ya nje, na msije mkairuka hatua hiyo. Kazi ya kusambaza data upya kwenye diski nne ilienda polepole mno mpaka nilipopandisha kache ya RAID, /sys/block/md0/md/stripe_cache_size, kutoka 256 hadi 8192. Inakula RAM (kilobaiti 4 × 8192 × diski 4, kama megabaiti 128), kwa hiyo baadaye nimeirudisha. Seva iliendelea kutumika muda wote.

Ilipomalizika, mdadm --detail ikaonyesha terabaiti 12, lakini df (amri inayoonyesha nafasi ya mfumo wa faili) ikang'ang'ania 7.3T. Mimi nina LVM (tabaka la Linux linalogawa nafasi ya diski) juu yake, kwa hiyo:

pvresize /dev/md0
lvextend -r -l +100%FREE /dev/data/hifadhi

Hiyo -r hupanua na mfumo wa faili papo hapo. Sasa df inasoma 11T (inahesabu kwa 1024 badala ya 1000, ndiyo maana si 12). Wenye XFS (aina mojawapo ya mfumo wa faili) mkumbuke: ukishaipanua, huwezi kuipunguza.

Kuhamia RAID 6 (inayovumilia diski mbili kufa) nitafikiria nikipata diski ya tano. Bei za sasa hapana.