Wakuu, "Usisafirie nyota ya mwenzio" maana yake hasa nini?

Mbara Mjini: Wakuu habari za humu. Mimi mtu wa bara, misemo ya pwani inanipiga chenga. Shangazi yake mke wangu, mtu wa Tanga, kamletea doti ya kanga imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Tangu hapo kila nikirudi namkuta kajifunga hiyo hiyo, hanisemeshi, akinipa mgongo ndo nasoma. Sina raha. Hii ni dua au ni tusi?

Mwana wa Pangani: Si tusi mkuu. Mabaharia wa majahazi usiku walishika njia kwa nyota, sasa wewe unaenda Pemba ukifuata nyota ya anayeenda Lamu utafika usikokwenda. Halafu nyota kwetu ni bahati pia, ile ya falaki, kila mtu na yake. Kilichomnyookea mwenzio usidhani na wewe kitakunyookea.

Mama Doti: Kanga hazijaanza kusema leo, hata zile za zamani za herufi za Kiarabu zilikuwa zinasema. Mimi wifi aliniletea "Umdhaniaye ndiye kumbe siye", nikamrudishia "Wema hauozi", tukala pilau pamoja na hatujawahi kuliongelea lile jambo mpaka leo, hata sikumbuki tuligombea nini.

Dada Mnyoofu: Ndoa ni maongezi kaka. Kaa na mkeo, mtangulize Mungu, acha kutuuliza sisi.

Jicho Kali: Kanga haiji bila kesi. Umefuata nyota ya nani?

Mbara Mjini: Sawa, kuna kitu sikuandika. Jamaa yangu kapiga hela kwenye tikiti maji, kanunua na gari, na mimi nimekodi ekari mbili Mkuranga. Ila sijakurupuka, hesabu nimepiga zote, miezi mitatu tu unavuna. Mtaji mke wangu alinikopea kwenye kikoba chao, nilimwambia ni ada ya watoto. Nitarudisha kabla hawajavunja kikoba.

Jicho Kali: Na mwekahazina wa kikoba ni nani?

Mbara Mjini: Shangazi.

Nimeungua Jua: Hahahaha pole. Na mimi nililima hizo tikiti, kwenye karatasi nilikuwa tajiri, mvua ikaja maua yakapukutika, zilizobaki nzi wa matunda akatoboa, nafika sokoni kila mtu kaleta zake siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni pampu, iko chini ya kitanda.

Mzee wa Chai: Chai hii, tena haina tangawizi. Mke akope ya ada asiulize risiti? Na mwekahazina apigwe hela ajibu kwa kanga? Shangazi wa Tanga angekuja mwenyewe.

Mama Doti: Hujaijua Tanga wewe. Akija mwenyewe ujue kanga zimeisha dukani.

Mzee wa Chai: Basi aweke picha ya hiyo kanga.

Mbara Mjini: Nimpige picha kanuna? Asiyeamini apite. Mbegu nimeshanunua wakuu, siwezi kurudi nyuma, na jua la Mkuranga halimuwakii jamaa peke yake. Nimeungua Jua, hiyo pampu ya inchi ngapi?

Nimeungua Jua: Mbili, ya petroli. Njoo inboksi.