Naomba ushauri: kupima mkao wa mafundi cherehani za kukanyaga

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa utafiti wa maumivu ya shingo, mgongo na viungo kwa mafundi cherehani. Dodoso ni lile la Nordic la 1987: sehemu tisa za mwili, maumivu ya miezi 12 na ya siku 7 zilizopita. Hilo halitusumbui.

Tatizo ni RULA, kipimo cha kukadiria hatari ya mkao wa kazi kwa alama (alama kubwa ndiyo hatari zaidi). Miguu inapewa alama 1 ikiwa imeegemezwa vizuri, 2 ikiwa sivyo, basi. Fundi anayekanyaga pedeli kutwa nzima anaweza kupata 1 sawa na karani aliyekaa kwenye meza! REBA, kipimo kingine cha aina hiyo kwa mwili mzima, nayo huongeza alama kwa goti lililokunjwa, ila si kwa aliyekaa. Halafu kuna nyongeza ya 1 kwa kitendo kinachorudiwa mara 4 au zaidi kwa dakika. Karibu kila fundi ataipata, kwa hiyo haitenganishi mwenye kazi nyingi na mwenye kazi chache.

Naomba mnisaidie haya. Kwenye video ya kutokea ubavuni, mnapima mkao mbaya kuliko yote au unaojirudia zaidi? Mizunguko ya pedeli mnaihesabuje? Na walioacha kazi kwa sababu ya maumivu mnawapataje? Tukihoji waliopo vibandani tu, tutabaki na wenye afya na madhara yataonekana madogo kuliko yalivyo. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa zaidi.