Naomba ushauri: majaribio yameisha zamani, sasa naletewa mkataba mpya

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua sheria za kazi hapa Tanzania, hasa maofisa utumishi.

Niliajiriwa kwa majaribio ya miezi 3. Ilipoisha sikupewa barua ya kuthibitishwa wala ya kuongezewa muda, nikaendelea na kazi. Sasa nina miezi 7. Juzi nimeletewa mkataba wa mwaka 1 unaoanza mwezi huu, na ndani yake kuna majaribio mengine ya miezi 6. Hapo ndipo penye hofu: kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwenye chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Nikisaini, naona nimeanza upya.

Halafu slipu ya mshahara inaonyesha nakatwa 10% ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kila mwezi, lakini taarifa ya michango ina miezi 2 tu. Nimeandika barua pepe mara mbili. Nikajibiwa kwa mdomo, "saini kwanza". Slipu zote, barua ya ajira na taarifa za benki ninazo.

Je, nikisaini ile miezi 7 bado itahesabika, au nidai kwanza kiandikwe kifungu cha kuitambua? Na hii michango nianzie NSSF au CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)?