Mama Teresa: mbona hakuna mofini?

Wakuu, juzi baada ya jumuiya tulibishana juu ya Mama Teresa hadi chai ikapoa. Mmoja alidai nyumba ya sista huyo kule Calcutta, India, ilikuwa mahali pa kufia tu, hakuna tiba. Nataka tuijadili hoja hiyo, imani ya mtu tuiache pembeni.

Ninachomvulia kofia ni hiki. Mwaka 1952 manispaa ilimpa nyumba ya mahujaji kando ya hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, pale mtaa wa Kalighat. Watu walikuwa wakikata roho barabarani, mji umefurika wakimbizi wa mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947. Masista wakawaokota, wakawaosha, wakawatoa funza vidondani. Wangapi kati yetu tungeweza?

Lakini mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu The Lancet, alifika pale. Alisifu usafi na upole wao, ila akaandika kwamba dawa kali za maumivu, mfano mofini, hazikuwapo, na hakuna aliyepambanua mgonjwa wa kupona na wa kufa. Hilo ndilo linalonikaa kooni.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, sheria ya India ya dawa za kulevya ya 1985 iliiadimisha mofini hata hospitalini. Sista umlaumu kwa kosa la serikali?

*Mleta mada:* Nakubali nusu. Toka 1952 hadi 1985 ni miaka 33, ilikuwaje? Na mwenye Nobel ya 1979 angebisha mlango gani asifunguliwe? Tazama jirani zetu Uganda. Daktari Anne Merriman, naye aliwahi kuwa sista, alianzisha Hospice Africa, shirika la kuwatunza wagonjwa mahututi, mwaka 1993. Unga wa mofini unakorogwa na maji, unatiwa kwenye chupa, mgonjwa wa saratani anaenda kunywa kwake kwa kipimo. Aliibembeleza serikali hadi ikakubali.

*Mchangiaji wa pili:* Bibi yangu alikuwa na dawa zote, mofini ikiwemo. Saa kumi na mbili jioni mlinzi akatutoa wodini, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alikuwa amenishika kanga, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Alfajiri tukapigiwa simu. Kalighat angekufa ameshikwa mkono.

*Mleta mada:* Pole sana, dada. Hapo sina jibu. Ila jibu la ile miaka 33 bado namdai mchangiaji wa kwanza.