Mnaouza na kununua vifaa vya ufundi vya mtumba mtandaoni hapa Mwanza, mnatuchosha aisee!!

Wakuu habari za jioni, salamu ziishie hapo maana nina hasira.

Mimi ni fundi wa mageti na grili, kiofisi changu kiko pande za Igoma, na vifaa vyangu karibu vyote nanunua mtumba kwa watu, kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook huko, na kikinichosha au nikipata kikubwa zaidi nauza huko huko. Kwaiyo wauzaji nawajua, wanunuzi nawajua, na wote mnakera, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Tuanze na nyie wa "bei njoo inboksi". Umepiga picha grinda yako, ile mashine ya diski ya kukatia na kusagia chuma, umeandika "mashine kali haijachoka, bei poa, njoo inboksi". Bei poa ndo shilingi ngapi? Unaogopa nini kuiandika? Tunajua mnachofanya, unataka kwanza uchungulie profaili ya mtu, ukikuta kasimama na shati jeupe mbele ya gari inakuwa laki na nusu, ukikuta ni mimi na ovaroli lina matundu ya cheche inakuwa laki na ishirini. Afu nikishafika huko inboksi unaniuliza "wewe una ngapi". Kaka wewe ndo unauza!

Na picha zenu. Mtu anauza drili yake mwenyewe iko hapo chini ya kitanda ila picha kaitoa Google, mashine mpya kwenye ukuta mweupe, hata nembo ya duka la watu bado iko pembeni. Fundi hanunui rangi. Nionyeshe kile kibandiko cha ubavuni chenye volti, wati na mizunguko, nionyeshe waya mpaka kwenye plagi, nionyeshe pale brashi, zile kaboni za kupeleka umeme kwenye mota, zinapokaa. Picha tatu tu za simu yako hiyo hiyo unayopigia selfi.

Hii ya kibandiko ndo imenifanya nifungue uzi leo.

Kuna jamaa kaposti grinda ya inchi nne na nusu, "Japani orijino, ipo Mwanza". Nikampigia, upo Mwanza sehemu gani, akasema hapa hapa tu mkuu we njoo barabara ya Usagara utanipigia. Nikaenda. Nafika Usagara napiga, ananiambia "sogea mpaka Kigongo, ukifika vuka daraja". Yaani jamaa yuko Sengerema! Sawa Sengerema ni mkoa wa Mwanza, kwa ramani hajadanganya, lakini we ukiambiwa kitu kipo Mwanza unafikiria uvuke ziwa? Tangu lile daraja lifunguliwe Juni 2025 watu wa ng'ambo wamepata ulimi, zamani walikuwa wanasema ukweli mapema kwa sababu wanajua utauliza foleni ya feri ikoje, sasa hivi kilomita 3 za zege zimewafanya wote wawe wa mjini. Na sina shida na Sengerema, nina wateja kule na nawaheshimu, shida yangu ni wewe kuandika sehemu ambayo haupo.

Basi nikavuka, si nishatoka. Nakuta grinda imewekwa juu ya stuli, imefutwa vumbi vizuri. Naigeuza. Kibandiko kipo, neno JAPAN lipo, ila pale panapoandikwa volti pamesuguliwa na msasa mpaka plastiki imeota vinyweleo. Panapoandikwa volti tu! Naangalia waya, waya ni mzee umekakamaa, una alama ile ya PSE wanayoweka kwenye vitu vya umeme vya Japani, afu mwishoni imefungwa plagi mpya ya pini tatu za mraba, ya juzi juzi, skrubu bado zinang'aa. Nikamuuliza hii si ya volti 100? Akasema "hapana hii inakula umeme wowote". Nikamwambia tuiwashe. Akasema umeme hamna. Mlango wa pili kuna kinyozi ananyoa mtu na mashine inalia vizuuuri kabisa, mziki unapiga, ila kwake yeye umeme hamna. Nikamwambia basi twende kwa kinyozi tuombe soketi. Hapo ndo akabadilika, "ngosha unajifanya injinia, kama hununui acha kitu cha watu". Nikaiacha nikageuza.

Sasa kwa wasiojua kwa nini nimekasirika. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, wa kwetu ni 230. Ukichomeka mashine ya 100 kwenye soketi ya kwetu inaamka kwa kasi hujawahi kuisikia, unaona cheche za bluu ndani, unasikia harufu, amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, imeungua, kwisha. Hapo ni kama una bahati. Usipokuwa na bahati ile kasi inakuta umefunga diski ya kukatia chuma na diski inapasukia usoni kwako. Na mashine ya 100 sio mbovu jamani! Mngesema tu "hii ni ya 100, inataka transfoma ya kushusha umeme", mbona kuna mafundi wanazo na wangeinunua vizuri tu. Grinda ya wati 700 na kitu unaitafutia transfoma ya wati 1,500 inafanya kazi miaka, ila sio vile vitransfoma vya kuwashia redio. Sasa we umesugua kibandiko, kesho anakuja dogo ametoka chuo cha ufundi, kakopa kikoba cha mama yake, unamuuzia moto.

Na wenye tabia ya kutoa gadi, ile kinga ya bati inayofunika diski. Mtu anaposti kigrinda kidogo hakina gadi, kimefungwa diski ya inchi tisa, kaandika "imeongezewa uwezo". Uwezo wa kukata nini, koo? Hicho kigrinda kidogo kinazunguka mara 11,000 kwa dakika, na diski ya inchi tisa ukisoma juu yake mwisho wake ni 6,600 hivi, imeandikwa pale pale, shida watu hawasomi. Gadi imetolewa kwa sababu diski kubwa haiingii ikiwepo, huko kutoingia kwenyewe ndo mashine inakukatalia. Ukiniuzia grinda bila gadi sema gadi haipo na punguza hela ya gadi, usiniambie "mafundi wengi hawaitumii". Mafundi wengi wana vidole vinane.

Mashine za kuchomelea za kienyeji ndo usiseme. Zile za kusukwa mtaani kwa koili. Kila tangazo "kopa tupu", yaani koili yote ni waya wa shaba, kila mtu kopa tupu, hiyo kopa inachimbwa wapi jamani. Unaenda unainyanyua peke yako kwa mkono mmoja, unajua tayari hii ni aluminiamu. Ukikwangua vanishi kidogo na wembe kwenye kona ya waya, kopa ni nyekundu ndani, aluminiamu nyeupe, sekunde mbili tu umejua, lakini mwenye mali hataki uguse wembe, anasema "utaniharibia koili". Ya aluminiamu inachomelea pia, sikatai, ukichoma rodi mbili tatu inapumzishwa, kwa kazi ndogo ndogo inatosha. Bei yake sio ya kopa basi.

Betri za drili za kuchaji nazo. Inasoma taa zote nne, anakuonyesha kwa mbwembwe. Funga skrubu tatu kwenye mninga, taa inabaki moja. Njooni na kipande cha mti mkienda kununua, nawashauri bure.

Madalali wa picha nyie nawapitia haraka maana mnajijua. Unachukua picha ya grupu hili unaibandika grupu la pili umeongeza elfu hamsini, mashine hujawahi kuishika, ukiulizwa brashi zikoje unasema "subiri nimuulize mshikaji". Juzi nimetumiwa mashine yangu mwenyewe niinunue! Rangi yangu, alama yangu ya ponchi niliyopiga kwenye mpini, bei imepanda. Nikamuuliza iko wapi, akasema iko Nyegezi stoo. Iko stoo wakati nimeikalia hapa.

Haya, wanunuzi mlikuwa mnacheka, zamu yenu.

"Ipo?" Ipo. Kimya. Siku ya pili, "ipo?" Ipo mkuu. "Bei ya mwisho?" Hujaiona, hujaigusa, hujui kama inawaka, unataka bei ya mwisho ya nini? Bei ya mwisho inatoka watu wakiwa wamesimama, umeikagua, umetoa kasoro zako, tunaongea. Ukinitajia nusu ya bei kwenye meseji ya kwanza we hununui, unapunga upepo.

Mwingine huyu. Nauza mashine yangu ya kuchomelea, ile ndogo ya inveta, tumeelewana kwa simu 280,000, nimemwambia kabisa feni inapiga kelele na kebo ya ardhi nimeiunga mara moja, akasema haina shida. Wengine waliouliza nikawajibu imeshapata mtu. Kaja jioni na rafiki yake "fundi", huyo fundi anaanza upya, ooh feni inapiga kelele, ooh kebo imeungwa. Ndo nilichowaambia! Afu mfukoni ana laki mbili, "nyingine ntakutumia ijumaa". Wale wengine niliowakatalia washapata kwingine, na yeye anajua hilo, ndo maana kaja jioni. Mkishakubaliana bei kwa kasoro zilizotajwa, unakuja na hela ile ile. Ukikuta kasoro ambayo sikuitaja, hapo una haki ya kushusha au kuondoka na sitakununia.

Na "nishikie mkuu". Nakushikia, toa kishika uchumba, hata elfu ishirini, tuandikiane kwenye meseji ni ya siku ngapi na usipokuja inakuwaje. Hutaki kutoa basi anayetangulia na hela ndo mwenye mali. Msije kunilaumu mmetoka Magu mmekuta imeuzwa wakati nimekuomba utoe kitu ukaniambia "huniamini?" Sikuamini ndiyo, tumejuana saa nne asubuhi.

Wa visiwani najua mna shida ya kweli, mtu yuko Nansio hawezi kuvuka kila akiona drili. Lakini "nitumie kwenye meli, ikifika nikiipenda nakulipa" hapana, na "tuma hela yote kwanza ntakuwekea kwenye meli" pia hapana, hizo ndo njia za wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tafuta ndugu au fundi mwenzako aliyeko mjini aje aikague, aiwashe, alipe, aipakie mwenyewe. Na muuzaji ukionyeshwa meseji ya muamala, usiangalie meseji, ingia kwenye menyu uangalie salio, meseji siku hizi mtoto yeyote anaitunga.

Kitu kingine, mtu akiuliza risiti msimtukane. Una nyundo ya umeme mpya kabisa, bei nusu, unataka tukutane saa mbili usiku nyuma ya Buzuruga, na ubavuni kuna rangi imekwanguliwa pale kampuni ya ujenzi ilipoandika jina lake, alafu nikiuliza risiti "unanidharau". Kupokea mali ya wizi ni kosa kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, na polisi wakija hawaji kwako, wanakuja kwangu nilipo nayo. Risiti huna, sawa, wengi hatuna, twende kwa mwenyekiti wa mtaa tuandikishane, jina lako, namba ya mashine, shahidi mmoja. Muuzaji safi hiyo inamchukua dakika kumi. Mwizi anakumbuka ghafla ana msiba.

Najua mtakuja na "si ununue mpya tu". Mpya orijino ni hela ya geti zima mkuu, na hiyo mpya ya bei chee yenye jina la kampuni kubwa na herufi zimekaa upande hata mwaka haimalizi, bora mtumba wa kweli uliotunzwa.

Na ili msiseme napiga kelele tu: nauza drili ya nyundo, wati 800, volti 220-240, kibandiko kipo kinasomeka. Brashi nimebadilisha mwaka huu, chaki (pale panapobana biti) inateleza kidogo kwenye biti nyembamba, mpini wa pembeni haupo, boksi halipo. Bei 110,000, chini ya laki haishuki. Ipo Igoma, Igoma ya upande huu wa ziwa. Utaijaribu kwenye ukuta wangu mwenyewe, umeme ukikatika tunakaa tunasubiri urudi.