Tupeane uzoefu: wapiga kura wa Ubungo tangu 1995, kura yako ilipita wapi?

Mkazi wa Manzese:
Wakuu, salaam. Mwanangu anajiandaa kupiga kura kwa mara ya kwanza. Juzi kaniuliza jimbo letu limewahi kuwa na wabunge gani. Nikamtajia: Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi 1995, Charles Keenja wa CCM 2000 na 2005, John Mnyika wa Chadema 2010, Saed Kubenea wa Chadema 2015, Profesa Kitila Mkumbo wa CCM 2020. Dakika haikuisha nikawa nimemaliza, naye bado ananitazama, anangoja niendelee. Basi nikamsimulia ya kwangu.

Tarehe 29 Oktoba 1995 nilifika kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi, nina miaka 22, nimevaa shati la kuendea kanisani. Saa nne, vifaa hakuna. Saa nane, hakuna. Akina mama wenye watoto mgongoni walikaa juani mpaka jioni, na hakuna aliyetaka kutoka kwenye foleni asije akapoteza nafasi yake. Baadaye tukasikia redioni kwamba uchaguzi wa Dar es Salaam yote, majimbo saba, umefutwa na utarudiwa 19 Novemba.

Siku ya marudio, niliokuwa nimepanga nao foleni mara ya kwanza wengi sikuwaona. Jirani yangu mmoja nilimgongea mlango, akaniambia nenda tu, mimi yangu nilishaipiga kwa miguu. Lamwai alishinda, na katika majimbo yale saba ni Ubungo pekee lililokwenda upinzani. Mpaka leo namfikiria jirani yule, maana alipenda mageuzi kuliko mimi.

Karibuni. Leteni mliyoyaona wenyewe, ya chama chochote.

Wakala Mstaafu:
Asante mkuu. Mimi nilikuwa wakala wa CCM Mabibo 2005. Ule uchaguzi ulikuwa ufanyike 30 Oktoba, ukasogezwa hadi 14 Desemba kwa sababu mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla. Mwezi mzima na nusu tumekaa na orodha zetu mkononi, kampeni zimeanza upya.

Mzee Keenja tulikuwa na uhakika naye. Watu walimjua tangu aongoze Tume ya Jiji, ile iliyowekwa 1996 halmashauri ilipovunjwa, na wengi walikuwa bado wanakumbuka barabara na usafi wa miaka ile. Upande wa pili Mnyika, kijana wa miaka 24. Usiku tukahesabu kwa taa ya chemli. Tulishinda, nikasaini fomu. Ila rundo la yule kijana lilikuwa nene kuliko nilivyotegemea. Katibu wa tawi akasema hao ni wanafunzi tu. Sikumjibu, lakini kituo kile kilikuwa cha mtaani kwetu, mafundi na mama ntilie, chuo kiko mbali.

Binti wa Bweni:
Hao wanafunzi mnaowasema ndio sisi. Nilijiandikisha nikiwa chuoni, kadi inasoma kituo cha jirani na bweni. 2010 vyuo vikafunguliwa baada ya uchaguzi. Tarehe 31 Oktoba niko nyumbani Bukoba na kadi ya Ubungo kwenye pochi. Mama akaniambia nenda kajaribu hapa. Nikaenda, wakaangalia daftari, jina halipo. Karani alinihurumia kweli, lakini angefanyaje? Ndiyo ingekuwa kura yangu ya kwanza.

Mama Kimara:
Pole mwanangu. Mimi ya 2010 niliipiga, na niliipigia maji. Wenzangu wa Kimara na Mbezi wananielewa. Bomba la Ruvu Juu linapita kwetu, tunaliona, lakini ndani ya nyumba mifereji ilikuwa mapambo. Saa tisa usiku unaamka kusikiliza kama bomba linakohoa. Kwenye mikutano ya kampeni tulikwenda na madumu matupu, tunayainua juu mgombea akisimama, wa chama chochote. Nilimpa Mnyika kura, akamshinda mama Hawa Ng'humbi, halafu kesi ya kupinga matokeo ikaenda Mahakama Kuu mpaka Mei 2012 ilipotupwa. Muda huo wote majirani wakikutana kisimani wanaulizana: tuna mbunge au hatuna?

Nisidanganye, maji hayakuja na mbunge. Yalikuja kidogo kidogo, miaka mingi baadaye, na bado kuna wiki hayaji.

Mzee wa Kwembe:
Kwetu jimbo ndilo lililohama. Nililala mpiga kura wa Ubungo, 2015 nikaamka wa Kibamba. Lilikuwa limekuwa kubwa mno, kutoka Manzese hadi mpakani na Kibaha, ikabidi likatwe. Mnyika akaja huku, Kubenea akabaki Ubungo, wote wakashinda. Mwaka huohuo ndio wa BVR, ule uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole. Mke wangu alipanga foleni siku tatu ndipo alama zake za vidole zikachukuliwa, mikono yake imeisha kwa kazi ya kokoto. Kadi ile ameifunga kwenye khanga, kabatini, pamoja na cheti chetu cha ndoa.

2020 upepo ukageuka, CCM ikachukua majimbo yote mawili. Ya mwaka ule nitasimulia siku nyingine, nikiwa na nafasi.

Mkazi wa Manzese:
Tunakungoja, mzee wangu. Mwanangu amekaa hapa pembeni anasoma. Amerudia ya Mama Kimara mara mbili, sasa anauliza: mama, yale madumu mliyoyainua, wagombea walikuwa wanasema nini wakiyaona?